Mvua Juu ya Jiko la Mama Anastasie

Habari hii nilipewa na mama mukubwa Félicité, yaya, ni kusema dada mukubwa, wa mama yangu, kule Lweba, mwaka ule ziwa lilipanda likala bustani za watu tukang'oa mihogo kwa haraka. Tulikuwa tumekaa tunabambua karanga. Kila akifika pahali pa kambale iliyotupwa, anaacha karanga, anashika mbavu, na mimi nangoja. Nilingoja sana siku ile. Karanga zilibaki nyingi kwenye kitunga, lakini habari tuliimaliza.

Wabeleji walikuwa bado na inchi, miaka ile ya hamsini na kitu, na pamba ya vijiji vya Fizi ilikuwa inashuka Baraka kungojea meli. Pale Baraka, karibu na pahali mitumbwi inapofikia, alikaa mujane mumoja jina lake Anastasie. Kazi yake ilikuwa kukausha samaki kwa moshi. Alikuwa na majiko yake ya udongo, juu ya kila jiko tara ya fito, na juu ya tara mikebuka imepangwa kichwa kwa mukia kama wanafunzi kwenye benchi.

Moto wa Anastasie haukuwa kama moto wa watu wengine. Haukuwaka. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake toka Baraka mpaka Lubondja. Ulikuwa unalala chini ya majivu, unatoa moshi muzito, mutamu, wa polepole, na samaki inatoka nyekundu kama shaba. Ulimi wa moto ukionekana kwa jiko lako, Anastasie anageuza uso pembeni, kama vile umesahau kufunga nguo yako vizuri.

Shida ilikuwa usingizi. Samaki ikiwa juu ya moto haiachwi peke yake. Mafuta yanadondoka, ulimi unaruka, tara inashika, na kazi ya juma nzima inakuwa makala. Ilimupata mara moja, mwaka aliomuzika mume wake. Alijinyoosha kidogo tu, akaamka tara ni majivu. Tangu pale, samaki ikiwa juu ya moto, Anastasie halali. Anasinzia ameketi, jicho moja wazi, kama kuku juu ya tagaa.

Félicité, aliyekuwa anakausha samaki pamoja naye, alizoea kumuchokoza: "Yaya, siku utalala, Baraka muzima itasikia mukoromo."

"Siku nitalala ni ile mutanibeba ku kaburi."

Basi kampuni moja ya pamba ikajenga depo ya kuwekea pamba, ya matofali, na manjanja, yale mabati, juu yake, na ukuta wake wa nyuma ukakuja kusimama mugongoni mwa majiko ya Anastasie, karibu kabisa, mutu angenyoosha mukono akaugusa. Majiko yalikuwa pale kabla ya depo kujengwa. Hilo kila mutu alilijua. Kisha akafika Muzungu mumoja murefu, enjeniere, na tiyo za chuma, mabomba ya maji, zimejaa gari lake la kamyo. Watu hawakuuliza jina lake. Walimwita Bwana Mvua.

Mwenye kueleza sababu alikuwa Isidore, mulinzi wa vitu vya depo, mutu mwema mwenye tumbo na funguo, aliyesikia Kifaransa. Wanawake wa samaki walimuzunguka.

"Tiyo zinapita chini ya manjanja," akasema. "Ku ile tiyo kuko vinywa vidogo vya shaba. Kila kinywa kimezibwa na madini laini, ile ya kuzibia sufuria yenye kutoboka. Moto ikiwaka chini, joto inapanda, madini inayeyuka, kinywa kinafunguka, maji inamwangika. Mvua, ndani ya nyumba."

"Ngoja kwanza, Bwana Isidore," Félicité akasema. "Manjanja iko ya kukataza mvua kuingia?"

"Ndiyo."

"Na tiyo iko ya kuiingiza?"

"Ndiyo, mama."

"Kumbe nyumba yangu ya manyasi ilikuwa ya kizungu siku zote, na mi sikujua!"

Walicheka mpaka mumoja akaangusha karai. Lakini Bwana Mvua hakucheka. Alikuwa mutu wa maswali, na maswali yalikuwa yanamukula. Tanki iwe juu kadiri gani, ili maji ishuke na nguvu? Aliipandisha kilimani nyuma ya soko, akaona maji yanatoka kama mate ya muzee, akaipandisha tena. Vinywa viachane namna gani, ili mvua ya kimoja ikutane na mvua ya kingine, pasibaki pahali pakavu katikati? Mabunda ya pamba yapangwe mpaka wapi yasizibe vinywa? Na pamba ikinywa maji ikavimba, je, haitasukuma kuta zikaanguka?

Na lile swali lililomunyima chakula: manjanja ya Baraka, saa sita ya muchana, yenyewe ni jiko. Madini yakiwa laini sana, jua litayayeyusha na mvua itanyesha bila moto. Yakiwa magumu sana, pamba itaungua huku vinywa vinatazama tu. Alitundika kipimo cha joto juu, akapanda ngazi kukisoma, akashuka shati imemugandamana, akasema neno moja la Kifaransa ambalo Isidore alikataa kulitafsiri.

Swali lake la mwisho lilikuwa Anastasie.

Isidore ndiye alitumwa. Alikuja amevua kofia.

"Mama Anastasie, usinikasirikie. Bwana anasema moto na pamba haviwezi kukaa mugongo kwa mugongo. Majiko iende ng'ambo ya mutoni Mutambala."

"Ng'ambo ya Mutambala! Nani ataniletea samaki kule? Mamba?"

"Nilimwambia majiko ilikuwa hapa kabla ya depo. Akafikiri sana. Sasa anasema hivi: siku ya posho, mwisho wa juma, tutajaribu. Batawasha moto ndani ya depo. Kama mvua inajua kazi yake, ikanyesha, pamba iko salama, unabakia hapa. Kama haikunyesha..."

"Mutambala."

"Mutambala, shemeji."

Anastasie alikuwa mutu wa kuombea jua. Mvua haipendani na samaki. Lakini juma lile aliomba mvua asubuhi na jioni, tena mvua ndani ya nyumba, tena juu ya moto, na padri angemusikia angemupeleka hospitali. Ng'ambo ya mutoni hakuna mutumbwi unaofika, hakuna mununuzi anayepita. Angekaa kule na majiko yake kama mutu aliyesusa.

Siku ya posho ikafika, Baraka ikajaa mulangoni mwa depo. Pamba yote ilikuwa imetolewa nje. Kuni zilikuwa tayari. Bwana Mvua akasema: washeni. Hakuna mutu aliyesogea.

Muzee Albert, mukubwa wa kartie, mutaa ule, alitoka mbele na fimbo yake. "Isidore, umutafsirie Bwana vizuri. Kuwasha moto ndani ya nyumba ya mwenzako, hiyo ni ugomvi. Kesho batu batauliza: fulani alichoma nyumba ya Isidore, bana maneno gani? Tutajibu nini? Hakuna maneno? Aah! Mutu anachoma nyumba bila maneno, huyo ndiye anaogopesha. Huyo kesho atachoma yangu."

Bwana Mvua alisikiliza, akasema nyumba ni ya kampuni, si ya Isidore.

"Nani anabebaka funguo?" muzee Albert akauliza.

Watu wote wakatazama funguo kwenye tumbo la Isidore.

Bwana Mvua akasema basi, atawasha mwenyewe.

"Bwana hana ugomvi na siye," muzee akajibu, "na tusianzishe leo."

Pale macho yakaanza kuhama, moja moja, mpaka yote yakawa juu ya Anastasie. Mwenye moto alikuwa yeye. Na mwenye kuhitaji mvua ile alikuwa yeye.

"Nitawasha," akasema.

"Uko na maneno na Isidore?"

"Hapana, muzee. Ni shemeji yangu. Alibeba sanduku ya mume yangu mpaka ku kaburi."

"Basi mugombane kwanza. Mbio, jua inapanda."

Wakasimamishwa wawili kwenye baraza, uso kwa uso. Anastasie akajikohoza.

"Isidore. We uko... uko na tumbo mukubwa."

"Aksanti, mama."

"Hapana aksanti!" muzee Albert akapiga fimbo chini. "Hakukusalimia! Rudisha!"

Isidore akatafuta. "Na weye moshi yako inaingiaka kwetu mu nyumba."

"Oh, pole shemeji, sikujua. Nitaweka kiambaza."

"Hapana pole! Hamuone haya? Batu bametoka mpaka Lweba kuangalia!"

Watu wakaanza kusaidia. Mumoja anapaza: "Mwambie habari ya mbuzi!" Hakukuwa na habari ya mbuzi. Mwingine anapaza: "Mwambie hajui kuimba kanisani!" Bwana Mvua alitazama saa yake, akatazama mbingu. Isidore alikuwa anatoka jasho mpaka viatuni. Alitafuta moyoni mwake jambo baya juu ya mujane yule, akageuza kila kitu, na mwishowe akakuta kimoja kimekaa chini kabisa, cha siku nyingi.

"Samaki yako," akasema kwa sauti ndogo, "inabakiaka mbichi katikati."

Félicité aliniambia hata ziwa lilinyamaza, lakini Félicité alipenda kuongeza.

"Unasema nini?"

"Katikati, mama. Karibu na mufupa."

"Miaka yote hii uko unakula samaki yangu!"

"Ninairudishaka ku moto. Uliza muke yangu."

Anastasie akakaza nguo yake kiunoni, akamusogelea hatua moja.

"Eeeh!" muzee Albert akasema, ameridhika. "Sasa hiyo ni ugomvi. Ingieni."

Wakaingia. Bwana Mvua akasimama katikati ya depo tupu, amevaa koti la mvua, ameshika mwavuli wazi, na nje jua linapasua mawe. Anastasie akainama akatengeneza moto. Akaweka kuni kavu chini, mbichi juu, kisha akatupia majivu mazuri aliyoyabeba toka nyumbani. Na kwa sababu tangu azaliwe hakuwasha moto bure hata siku moja, alikuwa amekuja na karai ya kambale zenye mafuta. Tiyo ya Bwana Mvua ilipita pale pale juu, imenyooka kuliko ufito wowote. Alichukua ngazi, akapanda, akafunga kamba, akatundika kambale moja chini ya mwenzake, kutoka kwa tiyo mpaka karibu na moto.

"Bwana anasema ku tiyo yake hatutundike kitu!" Isidore akapaza. "Inaziba mvua!"

"Mwambie moto yangu haijuake kufanya kazi bila samaki. Na weye usiniongeleshe."

Moshi ukapanda. Ulikuwa moshi wa sifa, Félicité aliapa, muzito na mutamu, wa kupeleka mbele ya mwami, mutawala wa inchi. Ukajaza depo toka manjanja mpaka simenti. Watu wakatoka, wakarudi, wakalia, wakapangusa kamasi. Bwana Mvua akapotea kabisa. Ulibaki mwavuli tu, unaelea. Wakangoja mvua.

Mvua haikukuja.

Sauti ikatoka chini ya mwavuli, na Isidore akatafsiri huku anakohoa: "Bwana anauliza moto iko wapi."

"Si hii?"

"Anasema hii ni moshi. Kinywa hakisikiake harufu, kinasikiaka joto. Anataka moto yenye kuwaka. Ndimi, mama. Kubwa."

Sasa ndio mutajua taabu aliyoipata. Baraka muzima imesimama mulangoni, hata wale wa kuuza mikebuka yao yenye masizi, wanaotazama kazi yake siku zote kwa wivu, na yeye aambiwe awashe kama mutu anayechoma nyasi. Lakini Mutambala ilikuwa inamungoja. Akapiga magoti, akafukua majivu, akapuliza. Ulimi mudogo ukainuka. Na mukono wake wa kuume, bila kuulizwa, ukachota majivu ukauzima.

"Yaya! Acha iwake!" Félicité akalia.

"Ninaacha!"

Akapuliza tena. Ulimi ukainuka. Mukono ukaenda. Akaukalia mukono ule, akapuliza mara nyingine; ule wa kushoto ukakuja kufanya kazi ya mwenzake. Watu wakacheka, kisha wakaacha kucheka, kwa sababu machozi aliyokuwa nayo Anastasie sasa hayakuwa ya moshi.

Mwavuli ukasema neno. Isidore alikuja karibu, akachuchumaa.

"Shemeji, anasema amemaliza. Mvua haikunyesha. Nitakusaidia kubeba majiko, nitakuja na mukokoteni."

"Usinisaidie," Anastasie akasema. "We ambaye hukulake samaki yangu."

"Ninaikulaka! Nilisema tu katikati..."

"Katikati nini? Sema tena katikati!" Akasimama, akakata kambale moja toka kamba, akaipasua mbele ya macho yake. "Onja! Onja mbele ya batu bote! Onja!"

Isidore, mutu wa kweli, akaonja. Akatafuna polepole. Watu wakasogea. Angeweza kusema uongo, na siku ile uongo ungekuwa adabu. Akameza.

"Mbichi," akasema.

Kambale ikaruka. Anastasie aliitupa na nguvu zote za mwili wake, shabaha ya tumbo, na kwa tumbo lile mutu hawezi kukosa. Lakini Isidore akainama, kwa mara ya kwanza tangu wamujue, na kambale ikapita juu ya mugongo wake ikaangukia katikati ya moto, mafuta chini.

Huuu! Moto ukashika mafuta. Ulimi ukaruka mpaka kwa kambale ya kwanza juu, ile ikawaka ikamupa ya pili, ya pili ikamupa ya tatu, moto unapanda kwa kamba kama panya anayekimbia nyumba, mpaka tiyoni. Mikono ya Anastasie ilitaka kwenda. Félicité alikuwa amekwisha kumukumbatia toka nyuma.

Juu kukasikika *pa!* Na kinywa kile kimoja, kile tu kilichokuwa juu ya moto, kikafunguka.

Kwanza ilitoka hewa, kama mutu anayepumua. Kisha maji meusi, yananuka kutu na vyura, yakaanguka juu ya mwavuli ukakunjika. Kisha maji mazuri, meupe, kwa duara, yakapiga moto ukalia *tsssss* ukafa, yakapiga kambale, yakapiga Isidore, yakapiga Anastasie aliyesimama pale ameinua uso, maji yanamuingia kinywani. Nje jua. Ndani mvua. Wanawake wakapiga vigelegele, na Bwana Mvua, mweusi toka kichwani mpaka magoti, akatupa mwavuli akaanza kuruka pahali pamoja, anashangilia kwa Kifaransa.

"Anasema nini?" muzee Albert akauliza.

"Anasema inanyesha."

"Tunaona."

Isidore akakimbia kufunga robine ya maji, na alipofika tanki ilikuwa imebakia nusu, nalo hilo likawa swali jipya kwa Bwana Mvua, akalichukua kwa furaha. Alipima pahali palipoloa, akapima pakavu. Kisha akasimama mbele ya Anastasie, akamutazama sana, akatazama majivu, akasema maneno marefu.

"Anasema unabakia," Isidore akatafsiri. "Depo inajua kujizimia moto. Lakini moto yako, shemeji, haiamshake vinywa. Inapitia chini chini, na huku ukuta unaificha. Inaweza kupenya ukuta na kushika pamba polepole na vinywa vyote bado vimelala. Kwa hiyo atatoboa ukuta."

"Kwa nini?"

"Kupitisha tiyo. Ataweka kinywa kimoja huku inje, juu ya jiko yako."

Anastasie akakaa chini kwenye maji. "Bwana ananipatia mvua? Juu ya moto?"

"Yaya," Félicité akasema, "hata mwami hana mvua yake mwenyewe."

Ugomvi ukabaki. Muzee Albert alisema watu hawawezi kurudi nyumbani na maneno katikati yao, tena maneno yaliyokwisha fanya kazi. Basi wakaokota kambale zilizobaki, zimechomwa nje, zimeoshwa juu, wakazirudisha kwenye majiko ya Anastasie, wakangoja, wakala wote pamoja pale nyuma ya depo, na Bwana Mvua ndani yao, masizi masikioni. Anastasie alimukatia Isidore kipande cha katikati, karibu na mufupa, akamushika na macho.

Isidore akala. "Imeiva," akasema.

"Unasema kweli ama unasema ugomvi umekwisha?"

"Ugomvi umekwisha, shemeji. Na hii imeiva."

"Na zingine zote?"

Isidore akatazama ziwa. Anastasie akamupiga na kitambaa, akacheka, na tangu siku ile, watu walisema, aliacha samaki yake kidogo zaidi juu ya moshi, lakini yeye mwenyewe hakukubali hata kidogo.

Tiyo ikapita ukutani. Kinywa cha shaba kikatundikwa juu ya jiko kubwa, kikaangalia chini. Siku ya kwanza kilipokuwa tayari, mitumbwi ilikuwa imeleta mikebuka mingi, na tara zote zikajaa.

"Na ikininyeshea samaki?" Anastasie alikuwa amemuuliza Isidore.

"Itanyesha tu kama ulimi umeruka. Na ikiruka, samaki italowana, lakini tara itabakia."

Neno hilo lilimukaa. Samaki ya kulowana unairudisha ku moto. Ile ya majivu, aliijua.

Baada ya chakula cha muchana joto lilishuka juu ya Baraka likakaa. Bwana Mvua alikuwa amejilaza kwenye kitanda chake cha turubai barazani, kofia juu ya uso. Hakuwa na swali hata moja, akalala. Isidore aliegemea mulango wa depo, funguo juu ya tumbo, tumbo linapanda linashuka. Félicité alisema anafunga macho kidogo tu, na kinywa chake kikafunguka kabla macho hayajafunga vizuri.

Anastasie aliketi peke yake kwenye kigoda. Moshi ulikuwa unapanda vizuri. Akainua uso.

"Weye," akaambia kinywa cha shaba. "Unaangalia?"

Kilikuwa kinaangalia. Kazi yake ilikuwa hiyo, na hakikuwa na mume wa kuzika wala kope za kufunga. Anastasie akatandika mukeka. Akajilaza. Akaamka, akapiga majivu kidogo, akarudi. Akanyoosha muguu mumoja, akangoja aone kama kutatokea kitu, kisha akanyoosha ule mwingine. Mafuta yakadondoka pahali, *tsi*. Hakugeuka.

Mukoromo ule Félicité aliosema Baraka muzima itausikia, ukaanza. Hakuna aliyeusikia. Wote walikuwa wamekwisha kulala, na sasa yeye naye.